Ndege kwa Ndege: Maisha Mafupi ya Michael Grzimek

Mimi ni mtoto wa Kilwa Masoko. Ndege nilizozizoea utotoni ni zile ndogo, za injini moja au mbili, zinazoleta watalii wa magofu ya Kisiwani na wazungu wanaokuja kuvua samaki kwa starehe. Tukisikia mlio, tunakimbia hadi pembeni ya uwanja kuangalia. Siku moja nikiwa darasa la sita tuliona jambo ambalo hadi leo nikilikumbuka mwili unasisimka. Ndege moja ilikuwa inakuja kutua kutoka upande wa bahari. Nyingine ilikuwa imeshakimbia kwenye njia yake na imeanza kunyanyuka, zinatazamana. Yaani zilikuwa zinakwenda kukutana uso kwa uso mbele ya macho yetu.

Dakika ya mwisho moja ililala ubavu ikageukia baharini, nyingine ikapita juu ya nyumba, chini kiasi kwamba mabati yalitetemeka. Kina mama walitoka nje wakidhani ni tetemeko. Baada ya muda zote mbili zilitua, marubani wakashuka, wakasemeshana kwa mikono mirefu, halafu wakapeana sigara. Hakuna aliyeumia, kwa hiyo hakuna aliyeandika popote.

Mjomba wangu alikuwa anafyeka nyasi uwanjani pale kwa kibarua. Jioni alituambia kwamba sisi watoto tumeogopa kitu kidogo. Marubani wawili, alisema, wana redio na wana macho, na kila mmoja anajitangaza kabla ya kutua au kuruka. Siku ile mmoja wao alisahau tu. Anayemtia rubani hofu ya kweli ni ndege wa manyoya, kwa sababu huyo hana redio na hajitangazi kwa mtu. Nilicheka. Kiswahili chetu kimewaita wote ndege, wa manyoya na ya bati, na tofauti imebaki kwenye ngeli. Sikujua kwamba miaka mingi baadaye, nikiwa mwaka wa pili hapa chuoni, ningemsoma kijana wa Kijerumani aliyeuawa na utani huo wa lugha yetu.

Jina lake Michael Grzimek. Wengi wetu tukilisikia tunadhani ni mzee, kwa sababu tunalichanganya na la baba yake. Ukweli ni kwamba alikufa ana miaka 24, umri wa wengi wetu tunaosoma gazeti hili huku tukisubiri boom.

Alizaliwa Berlin tarehe 12 Aprili 1934. Baba yake, Bernhard Grzimek, alikuwa daktari wa mifugo. Utoto wa Michael uliangukia katikati ya Vita Kuu ya Pili, kwa hiyo alikua akiona miji inabomoka. Vita ilipoisha mwaka 1945, baba alipewa bustani ya wanyama ya Frankfurt. Nasema alipewa, lakini alichopewa kilikuwa kifusi. Mabomu yalikuwa yameharibu karibu kila kitu na wanyama waliobaki walikuwa wachache mno. Bernhard aliamua bustani isifungwe, akaijenga upya, akaiongoza hadi 1974. Michael alikulia humo. Watoto wengine wanafuga kuku na njiwa, yeye majirani zake walikuwa sokwe na tembo.

Kijana huyo alipenda kamera kuliko kitu kingine. Mwaka 1954 baba yake alitoa kitabu kuhusu safari zao Kongo, iliyokuwa koloni la Ubelgiji, akilalamika kwamba wanyamapori wanakosa mahali pa kuishi. Michael akakigeuza kuwa filamu. Ilitoka mwaka 1956 na ikapata tuzo ya Dubu wa Dhahabu kwenye tamasha la filamu la Berlin, ikaonyeshwa nchi nyingi na kuingiza fedha za kutosha. Fikiria una miaka 22, filamu yako imeshinda na mfuko umejaa. Mimi ningejua pa kuzipeleka, na pengine wewe pia. Wao, baba na mwana, waliandika kwa serikali ya kikoloni ya Tanganyika wakitaka kuzitumia fedha hizo kununua ardhi, ili Serengeti ipanuliwe.

Hapa inabidi nieleze kidogo, maana ndiyo mzizi wa kila kitu. Serengeti ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1951, na wakati huo Ngorongoro ilikuwa ndani yake. Wamasai na ng'ombe wao walikuwa humo pia. Ukazuka mgogoro mkubwa: nani akae wapi? Katikati ya miaka ya hamsini serikali ikaanza mpango wa kuikata hifadhi, ili upande wa mashariki na Ngorongoro utengwe. Watu wa uhifadhi, hasa wa Ulaya, walikuja juu. Lakini wote waliobishana walikosa kitu kimoja: hakuna aliyejua wanyama wa Serengeti ni wangapi, wala wanapita wapi mvua zikiisha. Walikuwa wanachora mipaka ya nyumba bila kujua wakazi wanalala vyumba gani.

Kanali Peter Molloy, mkurugenzi wa hifadhi za Tanganyika wakati huo, aliwashauri kina Grzimek waache habari ya kununua ardhi, fedha zao wazitumie kuhesabu wanyama na kufuatilia njia zao. Njia pekee ya kufanya hivyo katika eneo kubwa namna ile ilikuwa ni kutoka juu.

Tatizo ni kwamba baba na mwana hawakuwa marubani. Basi wakajifunza. Wakanunua Dornier Do 27, ndege ndogo ya Kijerumani yenye injini moja na mabawa yaliyokaa juu, inayoweza kwenda polepole sana na kutua mahali pafupi. Wakaipaka mistari ya pundamilia mwili mzima. Herufi za usajili wake zilikuwa D-ENTE, na kwa Kijerumani ukiondoa ile D ya mwanzo linabaki neno bata. Kwa hiyo pundamilia aliyekuwa bata akaruka kutoka Frankfurt mwezi Desemba 1957, akiendeshwa na watu wawili ambao leseni zao zilikuwa bado zinanukia wino, mpaka Tanganyika. Bila GPS, bila simu. Si mchezo.

Januari 1958 wakaanza kazi. Waliigawa mbuga vipande, wakawa wanaruka kwa mistari iliyonyooka, rubani akishika mwendo na kimo kile kile, watazamaji wakihesabu kulia na kushoto. Ukisoma hivi unaona rahisi. Jaribu basi kuhesabu kuku wa jirani wakiwa wanakimbia, halafu zidisha mara elfu, halafu weka jua kali, upepo unaorusha ndege ndogo kama kipande cha karatasi, na tumbo linalotaka kurudisha chai ya asubuhi. Walimaliza na jumla ya wanyama wakubwa 366,980. Kati yao nyumbu walikuwa 99,481 na pundamilia 57,199, na kundi kubwa kuliko yote lilikuwa la swala.

Napenda namba hizo kwa sababu hazikuzungushwa, lakini nawaomba wanaosoma takwimu wasizipokee kama aya. Mwaka 1961 watafiti wengine waliruka tena, wakapata nyumbu zaidi ya 200,000. Nyumbu hawazai kwa kasi hiyo. Ni dhahiri kwamba kina Grzimek waliwakosa wengi. Baadaye idadi ilipanda kwelikweli, hadi zaidi ya milioni moja mwishoni mwa miaka ya sabini, na sababu kubwa ilikuwa chanjo ya ng'ombe dhidi ya sotoka, ugonjwa uliokuwa ukiua ndama wa nyumbu. Kumbe sindano aliyochomwa ng'ombe wa mfugaji ndiyo iliyoijaza mbuga. Jambo hilo halikuonekana kutoka juu.

Sifa ya Michael haiko katika usahihi wa namba zake. Iko katika kule kuanza. Kabla yake watu walibishana kwa hisia. Baada yake, aliyetaka kubisha ilibidi apande ndege ahesabu upya. Waliwafunga pia baadhi ya wanyama mikanda ya rangi shingoni ili wawatambue wakiwa hewani, wakakusanya majani ya malisho kupima yapi yanapendwa na kwa nini. Matokeo yao yalionyesha kwamba makundi makubwa yanatoka nje ya mipaka iliyokuwa inapendekezwa. Kwa maneno mengine, ramani ilikuwa na makosa.

Mwaka mzima wa 1958 walikuwa katika kazi hiyo na kupiga filamu ya pili. Kisha ikaja tarehe 10 Januari 1959. Michael alikuwa peke yake kwenye D-ENTE, upande wa mashariki wa Serengeti, si mbali na Ngorongoro. Ndege ikaanguka. Uchunguzi ulionyesha kwamba tumbusi aliligonga bawa la kulia na kulipinda, nyaya za kuongozea ndege zikakwama, na ndege ikashuka puani. Michael alikufa hapo hapo.

Tumbusi mkubwa ana uzito wa kilo saba, nane, wakati mwingine tisa. Uzito wa mtoto wa mwaka mmoja tu. Lakini ndege inapokuja kwa mwendo wa zaidi ya kilomita mia kwa saa, kilo nane zinakuwa nyundo. Tena tumbusi hawarukaruki hovyo. Wanasubiri jua lipashe ardhi, hewa ya moto ipande, nao wanaipanda kama ngazi wakizunguka bila kupiga bawa. Anga ambayo rubani anaiona tupu, wao wanaiona imejaa barabara. Na wanafika mbali. Novemba 1973 ndege kubwa ya abiria iligongana na tumbusi juu ya Abidjan, Ivory Coast, kwenye kimo cha zaidi ya mita 11,000. Injini moja iliharibika, wakatua salama. Michael hakuwa na injini ya pili wala kimo cha kujiokolea.

Hapo ndipo nilipofunga kitabu nikamkumbuka mjomba wangu na fyekeo lake.

Walimzika ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, na juu ya kaburi wakapanga mawe kama piramidi ndogo. Maandishi yake yanaeleza kwamba alitoa kila alichokuwa nacho kwa ajili ya wanyama wa Afrika, hata uhai wake. Aliacha mke na mtoto mdogo, na mtoto wa pili alizaliwa baada ya msiba. Baba alirudi kwenye kazi waliyoiacha nusu. Mwaka huo huo wa 1959 kitabu na filamu ya Serengeti vikatoka, na mwaka 1960 filamu ikapata Oscar ya filamu ndefu za hali halisi. Kitabu kikatafsiriwa lugha nyingi. Maabara iliyopewa jina la Michael ikajengwa Banagi, ndani ya Serengeti, na kutoka hapo ikakua taasisi ya utafiti ambayo leo ni sehemu ya TAWIRI. Bernhard aliishi hadi 1987. Majivu yake yaliletwa kutoka Ujerumani, yakazikwa pembeni ya mwanawe.

Ningeweza kuishia hapa, na ingekuwa hadithi nzuri ya shujaa. Lakini mimi ni mtu wa Kilwa, na kuna upande ambao siwezi kuuruka.

Baba na mwana waliamini kwamba hifadhi ya taifa haifai kuwa na watu ndani, hata wenyeji. Hawakuficha. Mipaka ilipoamuliwa mwaka 1959 hawakupata walichotaka: Ngorongoro ilitengwa iwe eneo la wanyama na wafugaji pamoja, na hifadhi ikaongezewa ardhi upande wa kaskazini. Ila moja la matakwa yao lilitimia. Wamasai waliokuwa wakiishi ndani ya Serengeti walihamishwa. Mtu akiruka mita mia moja juu ya ardhi anaona makundi na njia. Boma analiona kama duara. Kaburi la babu wa mtu halioni kabisa.

Kwetu kusini habari hii ina jina tofauti tu. Hifadhi ya Selous, ambayo sehemu yake kubwa tangu 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, imeingia ndani ya Liwale na Kilwa. Katika miaka ya arobaini serikali ya kikoloni iliwahamisha maelfu ya watu wa huko, wengi wao Wangindo, ikitaja ugonjwa wa malale na tembo. Bibi yangu mzaa mama ni mtoto wa waliohamishwa. Kijiji cha baba yake sasa ni pori, na yeye hajawahi kukiona. Leo analima ufuta na mahindi upande wa Njinjo, na msimu ukifika analala kwenye dungu na wajukuu wakipiga madebe, kwa sababu tembo hawajui mpaka uko wapi.

Sasa sikilizeni kitu kinachoniumiza kichwa. Mwaka 1976 watu waliruka juu ya Selous wakakadiria tembo wapatao 109,000. Mwaka 2013 TAWIRI na Shirika la Wanyama la Frankfurt, lile lile lililoongozwa na Bernhard, waliruka tena wakapata 13,084. Majangili walikuwa wamewamaliza. Bila ndege ndogo na watazamaji wanaohesabu kulia na kushoto, tungekuwa bado tunabishana vijiweni kama tembo wamepungua au wamejificha. Namba ile ndiyo iliyowafanya wakubwa washtuke. Kwa hiyo siwezi kusema kazi ya Michael haikutusaidia watu wa kusini, wala siwezi kusema haikutugharimu. Darasani kwetu wenzangu wamegawanyika pande mbili na kila upande unanitaka. Wakinibana nawaambia kwamba yule kijana alikuwa jasiri na alikuwa na kasoro, na kwamba alikufa kabla ya kufika umri wa kusahihishwa na maisha. Wengine wetu tutaufikia.

Mwaka jana kwenye safari ya masomo basi letu lilisimama Ngorongoro. Niliteremka nikaenda hadi kwenye yale mawe. Kulikuwa na ukungu na baridi ambayo mtu wa pwani hakuizoea. Wenzangu walipiga picha haraka wakarudi ndani ya basi. Nilibaki kidogo. Nilimsomea Fatiha? Hapana, hakuwa wa dini yangu. Nilisimama tu, nikawaza zile ndege mbili za Kilwa Masoko zilizopishana kwa bahati, na hii moja ambayo bahati ilikataa.

Likizo nilipokwenda Njinjo nilimsimulia Bibi habari yote, kuanzia pundamilia wa bati mpaka tumbusi. Alisikiliza huku anapepeta ufuta. Alimsikitikia mama wa yule kijana kwanza, kama wanavyofanya bibi wote. Halafu akauliza: je, alipokuwa huko juu, alihesabu na watu? Nikamjibu kwamba kazi yake ilikuwa wanyama. Bibi akasema basi hesabu haijaisha, akaendelea kupepeta.

Nimebadilisha mada ya utafiti wangu wa mwaka wa mwisho. Nitahesabu mashamba yaliyoingiwa na tembo katika vijiji vinne vya Kilwa, ekari kwa ekari, na tarehe, na zao, na nani alilala dungu usiku huo. Mwezi wa saba naanza. Sina ndege. Nina daftari, na pikipiki ya mjomba akiniazima.